Kijana ana daraja la pili, kalala njaa siku mbili kwa sababu gesi imeisha. Shule zinafundisha nini?

#1 Mzee wa Kibamba
Wakuu, salaam.

Ijumaa iliyopita mimi na mama watoto tulikwenda Morogoro msibani, nyumbani tukamwacha kijana wetu wa miaka 18. Kamaliza kidato cha nne, daraja la pili, fizikia ana B. Jumapili mchana tunarudi, tunakuta maganda ya biskuti sebuleni, chupa za soda, na jikoni sufuria ya mchele uliolowa maji mpaka umeanza kunuka. Kumetokea nini? Gesi iliisha Ijumaa usiku, wali haujachemka.

Mtungi wa akiba upo nyuma ya mlango wa jiko. Umejaa, sili haijatolewa. Hakujua regulaita inavuliwaje. Jirani hakumwita kwa sababu aliona aibu.

Mimi nimesoma msingi miaka ya themanini, Handeni. Darasa la tano nilikuwa naweza kusonga ugali wa watu ishirini, kutengeneza mpini wa jembe, kupanda mahindi kwa kamba na kuchanganya udongo wa kukandikia nyumba. Yote hayo shuleni. Swali langu ni moja: nani aliyaondoa, na aliyaondoa lini?

#2 Chelewa
Uzi mzuri mkuu. Swali dogo tu. Hiyo miaka 18 kijana kaishi kwako, mtungi umebadilishwa mara ngapi, na nani alikuwa anabadilisha?

#3 Mzee wa Kibamba
Mimi. Au wale vijana wa bodaboda wanaoleta gesi, wanafunga wenyewe.

#4 Chelewa
Moderata funga uzi, muuaji kapatikana.

#5 Ng'ombe wa Maskini
Chelewa acha utani, hoja ya mzee ina uzito. Wazazi wanachangia, sawa, ila shule inakaa na mtoto saa nane kwa siku, miaka kumi na moja. Enzi za Mwalimu shule ilikuwa na shamba, banda la kuku, karakana ya useremala. Azimio la Musoma ndilo lililoleta Elimu ya Kujitegemea. Tukaja kuanza kuogopa mitihani, kila kisichokuwa na mtihani kikafa. Ndiyo maana leo unapata mtu anakokotoa ukinzani wa umeme lakini balbu ikiungua anamsubiri fundi.

#6 Dada Nasra
Nina kiduka cha ushonaji Mwanga, Kigoma. Kila mwaka napokea wasichana wawili watatu waliomaliza kidato cha nne waje kujifunza. Nawapa futi, nawaambia pima kiuno cha huyu mteja, gawa kwa mbili. Kiuno inchi 37. Msichana anasimama. Anatoa simu, anafungua kikokotoo, anapata 18.5. Namwambia haya, nionyeshe hiyo nukta tano kwenye futi. Anaitafuta namba tano!

Sehemu kasoma tangu darasa la tatu. Nusu anaijua vizuri sana, mradi iwe kwenye karatasi. Hakuna aliyemwambia kwamba ile mistari midogo kati ya 18 na 19 ndiyo sehemu zenyewe.

Kwa hiyo mimi sisemi shule haifundishi. Inafundisha, ila haimalizii.

#7 Mwalimu Mstaafu
Nimewasoma wote. Ng'ombe wa Maskini, turekebishane kwanza. Elimu ya Kujitegemea ni andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Azimio la Musoma ni 1974, nalo lilihusu kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, yaani UPE, na watu kufanya kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Ni vitu viwili.

La pili. Mwalimu hakuandika kwamba watoto walime ili wajue kulima. Wazazi wao walikuwa wanalima na walijua. Alitaka shule yenyewe iwe kama jumuiya inayojilisha: watoto walime, wavune, wao wenyewe wakae waamue mapato yanunue nini. Kuamua ndiyo sehemu tuliyoiacha. Tulibaki na jembe.

Nilianza kufundisha 1979, wilaya ya Nzega.

#8 Ng'ombe wa Maskini
Shikamoo mwalimu. Nimepokea marekebisho. Kwa hiyo wewe ni mwalimu wa UPE, wale walioandaliwa harakaharaka? 😂

#9 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Ndiyo, ni wa UPE, na huyo aliyekufundisha kuandika neno UPE naye huenda alifundishwa na mimi.

#10 Chelewa
Ng'ombe kapigwa fimbo mbele ya paredi.

#11 Mpini Mrefu
Wakuu tusidanganyane na hayo mashamba ya shule. Mimi nilisoma shule moja mkoa wa Iringa, jina silitaji. Alhamisi ilikuwa siku ya EK, Elimu ya Kujitegemea. Wavulana kuni, wasichana maji, ndoo ishirini ishirini, zinaishia nyumbani kwa walimu. Ukichelewa shule, adhabu ni kulima. Ukipiga kelele, kulima. Ukifeli hesabu, kulima. Halafu jioni mnatuambia kilimo ni uti wa mgongo wa taifa!

Ukimfundisha mtoto kwamba jembe ni adhabu, usishangae akikua analikimbia. Darasa letu tulikuwa 43, anayelima leo namjua mmoja, na yeye kakosa pa kwenda.

Na swali ambalo halijawahi kujibiwa Tanzania hii: mahindi ya shule alikula nani?

#12 Mzee wa Kibamba
Hahaha! Hilo la mahindi hata mimi nimejiuliza miaka arobaini.

#13 Chaki Nyeupe
Niko kazini, nafundisha msingi mkoa wa Tabora. Niseme kinachotokea darasani.

Kwenye mtaala ule wa zamani nilipewa Stadi za Kazi. Darasa lina watoto 112. Kipindi dakika arobaini. Mada: mapishi. Vifaa vya shule: ubao. Nikachora jiko la mkaa, nikachora sufuria, nikaandika hatua za kupika ugali. Moja, bandika maji. Mbili, subiri yapate moto. Wakanakili. Wakati naanza kufuta ubao mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: mwalimu, sasa tunakula saa ngapi?

Yule mtoto anapika ugali nyumbani kwao kila siku. Mama yake anauza samaki wakavu mnadani, yeye ndiye anawalisha wadogo zake. Nilikuwa namwandikia ubaoni kitu ambacho angeweza kunifundisha mimi.

Na Stadi za Kazi haikuwemo kwenye mtihani wa darasa la saba. Watoto wakifika la sita vipindi vinamezwa na hisabati na Kiingereza. Mwalimu mkuu hahojiwi kwa nini watoto hawajui kushona kifungo. Anahojiwa kwa nini shule imekuwa ya mwisho kata nzima.

#14 Ng'ombe wa Maskini
Si ndiyo nilichosema #5? Mtihani!

#15 Chaki Nyeupe
Hapana mkuu. Ukiiingiza kwenye mtihani ndiyo unaiua kabisa. Swali litakuwa: "Kipi kati ya vifuatavyo si hatua ya kupika ugali?" A, B, C, D, E. Mtoto atapata A hajawahi kushika mwiko.

#16 Mtu wa Kayole
Habari zenu majirani. Mimi ni Mkenya, niwape ya kwetu kabla hamjafurahia mtaala wenu mpya.

Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985 na ahadi ilikuwa hiihii, mtoto atoke shule akijua kazi ya mikono. Useremala, sayansi kimu, kilimo, sanaa na ufundi. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana kwa harambee. Zilijengwa, nyingi zikakaa bila hata msumeno mmoja. Nikiwa darasa la saba mwalimu alitaka kila mtoto alete mwiko aliouchonga mwenyewe. Baba yangu alienda sokoni akanunua, akaukwaruza kidogo kwa kisu ili usionekane mzuri sana. Wenye miiko mizuri walichapwa kwa kudanganya. Mimi nilisifiwa!

Tukatupa hiyo, 2019 tukaingia mtaala wa umilisi, CBC. Sasa mimi ndiye baba. Saa tatu usiku mtoto anakumbuka kesho anahitaji sanamu ya kutishia ndege shambani. Tunakaa ghorofa ya nne. Shamba liko wapi? Nilitumia suruali yangu ya kazi, fimbo ya dekio na magazeti, nikamaliza saa sita. Mtoto alilala saa tatu na nusu. Alama iliyokuja: Kuzidi Matarajio. Nikaibandika kwa friji, kwa sababu ni yangu.

#17 Chelewa
Mkuu #16 hongera kwa matokeo. Umechaguliwa kuendelea na sekondari?

#18 Mtu wa Kayole
Nasubiri kuitwa. Suruali pia haijarudi.

#19 Bint Makunduchi
Assalam alaykum. Nacheka peke yangu hapa. Nyie wa bara na mtaala wenu mpya siku hizi amali, amali, yaani kazi za ufundi, kama mmevumbua. Neno hilo sisi Zanzibar tunalo zamani, tuna Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na vituo vyake, Mkokotoni, Vitongoji. Lakini na kwetu hadithi ni ileile: mtoto hupelekwa amali akishafeli skuli. Hapo ndipo panapoharibika. Akipita anakwenda fomu faivu, asipopita ndiyo anakumbukwa kuwa ana mikono.

#20 Kidato Sita Fresh
Nakazia #19. Mtaala mpya umeweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza. Mdogo wangu kaingia huo wa amali. Bibi alipoambiwa akauliza: "Kwani alifeli?"

#21 Mwalimu Mstaafu
Vijana, mikondo si mipya. Sekondari zetu zilikuwa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Na kulikuwa na shule za ufundi hasa, Ifunda, Moshi, Tanga. Mtoto aliyechaguliwa Ifunda kijiji kilimpigia vigelegele, hakuna bibi aliyeuliza kama kafeli. Waliotoka pale walikuta TANESCO, reli na viwanda vinawasubiri. Heshima ya ufundi ilitoka kwenye ajira iliyokuwa mbele yake. Ukiirudisha karakana bila kiwanda, utakuwa umerudisha nusu.

#22 Ng'ombe wa Maskini
Mwalimu hapo umefunga kazi. Ila tofauti ya sasa ni kwamba Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima miaka kumi, msingi inaishia darasa la sita. Waliokuwa la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao la saba wa mwisho nao wanamaliza. Madarasa mawili yanagonga hodi sekondari kwa pamoja. Hapo ndipo mnataka mtoto apate randa na patasi ya kwake?

#23 Chaki Nyeupe
Hata dawati apate, tutashukuru.

#24 Mkerewe Halisi
Nyote mnazungumzia ugali na mwiko. Mimi natoka Ukerewe, tumezungukwa na maji pande zote. Shule niliyosoma ukirusha jiwe linaingia ziwani. Miaka saba hatukuwahi kufundishwa kuogelea, hata siku moja. Tulifundishwa kuchapwa tukionekana ufukweni.

Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996. MV Nyerere ikapinduka 20 Septemba 2018, pale karibu kabisa na Ukara, watu wanaiona nchi kavu kwa macho. Nilipoteza shangazi kwenye hiyo ya pili. Mtu akiniuliza stadi ya kwanza ya maisha ni ipi kwa mtoto wa visiwani, sina jibu lingine.

#25 Mpini Mrefu
Pole sana mkuu. Ila bila ubishi wa kukuumiza, kivuko kikipinduka watu wakiwa ndani wamebanana, anayejua kuogelea na asiyejua wote wanakwama. Pale tatizo lilikuwa abiria kuzidi na maboya ya kuvaa. Kuogelea kusiwe kisingizio cha wenye vyombo.

#26 Mkerewe Halisi
Sikatai. Ila wanaokufa mmojammoja kwenye mitumbwi, wanaochota maji, watoto wanaofua, hao hawatangazwi redioni. Kwetu kila kijiji kina majina yao.

#27 Bint Makunduchi
Poleni. Na sisi tuna usiku wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Siku hizi Nungwi kuna wasichana wanafundishwa kuogelea, wanavaa nguo za stara zilizoshonwa kwa ajili ya kuogelea, na wazee waliokuwa wanapinga wamelainika. Wavulana wetu hujifunza wenyewe kwa kurukia gatini. Msichana alikuwa anakatazwa. Kwa hiyo msiseme "mtoto" tu, angalieni mtoto yupi.

#28 Dada Nasra
Bint umenipa mwanya. Mzee wa Kibamba, ungekuwa umemwacha binti wa miaka 18 ungeandika uzi huu? Binti angekuwa anajua mtungi tangu ana miaka kumi, na wala usingemsifu.

#29 Mzee wa Kibamba
...Nina binti wa miaka 14, tulikwenda naye msibani. Njiani nilimuuliza. Anajua kubadilisha.

#30 Chelewa
Tunarudi palepale #4.

#31 Kungwi Mstaarabu
Shule haijaondoa kitu, ilikuta kazi inafanywa na wengine. Uzaramoni binti alikuwa na somo wake, mama wa kumfunda, wavulana walikuwa na jando. Mtu alifundishwa kukaa na watu, kutunza mwili, kutunza nyumba, kuongea na wakwe, na hakuna aliyevuka bila kuonyesha kwa vitendo. Serikali na dini vikasema huo ni ushenzi, pelekeni watoto shule. Shule ikapokea watoto, ile kazi haikuipokea.

#32 Dada Nasra
Dada yangu Kungwi, nakuheshimu, ila tusirembeshe sana. Nina shangazi alitolewa darasa la sita akawekwa ndani, akitoka anakuta mume kashalipa. Hapo alifundishwa kutunza nyumba ya nani?

#33 Kungwi Mstaarabu
Hilo lilikuwepo, sibishi. Mimi naongelea namna ya kufundisha, siongelei umri wa kuozwa.

#34 Askari wa Riba
Naomba niwahamishe kutoka jikoni. Mimi ni afisa mikopo, zamani kwenye taasisi fulani, sasa nimejitoa. Wateja wetu wazuri walikuwa watumishi wapya, walimu na manesi, miezi mitatu ya kwanza kazini. Tunampa laki moja, anarudisha laki na thelathini elfu ndani ya siku thelathini. Kadi yake ya benki na namba ya siri vinabaki kwetu. Ndiyo hiyo mnayoiita kausha damu.

Hawa watu wote wamepita hesabu za riba sekondari. Mtaji mara kiwango mara muda, gawa kwa mia, wanaijua kama sala. Nilikuwa nawauliza kwa utani: hii riba ni asilimia ngapi kwa mwaka? Wengi wanasema thelathini. Ni thelathini kwa MWEZI, kwa mwaka ni 360 hata kabla hujaweka riba juu ya riba. Mwalimu mmoja wa hesabu, naapa, alisaini huku anakokotoa kwa kidole mezani, akapata jibu sahihi, na bado akasaini.

#35 Ng'ombe wa Maskini
Huyo hakukosa stadi, alikosa nauli ya kwenda kuripoti kituo cha kazi. Tusilaumu elimu kwenye mambo ya njaa.

#36 Askari wa Riba
Hapo umenigusa. Ndiyo maana nilijitoa.

#37 Tampere255
Salamu kutoka Finland. Mwanangu wa kiume yuko darasa la saba, hapa sayansikimu ni lazima kwa wote mwaka huo, wavulana kwa wasichana. Wanapika, wanakula walichopika, wanaosha vyombo, wanatenga taka, wanapiga hesabu mlo umegharimu kiasi gani. Wiki iliyopita kanigombeza kwa kutupa maganda ya viazi kwenye pipa lisilo lake. Kazi za mikono pia wanazo, anashona na anaranda.

#38 Chaki Nyeupe
Hongera dada. Jikoni wanaingia wangapi kwa mara moja?

#39 Tampere255
Kumi na sita.

#40 Chaki Nyeupe
Haya, wasalimie.

#41 Kidato Sita Fresh
Na Japani wanafunzi wanafagia madarasa wenyewe na kupakuliana chakula, ndiyo maana wana nidhamu.

#42 Mpini Mrefu
Sisi tumefagia na fagio za chelewa tangu darasa la kwanza, tena uwanja wenye miembe saba. Mbona hatujawa Japani?

#43 Chelewa
Naomba jina langu lisihusishwe.

#44 Muuguzi wa Zamu
Wakuu, mnachanganya maneno ndiyo maana hamfiki. Stadi za maisha kwa lugha ya Shirika la Afya Duniani ni zile za ndani ya mtu: kufanya maamuzi, kutatua tatizo, kujitambua, kuwasiliana, kuhimili msongo. Zilitajwa kumi, na kwetu ziliingia kwa nguvu wakati wa vita ya UKIMWI, ndiyo maana wengi mkisikia stadi za maisha mnakumbuka kukataa zawadi za wazee. Kubadilisha mtungi ni stadi ya kazi. Ni kitu kingine.

Sasa turudi kwa kijana wa mzee. Regulaita hakuijua, sawa. Lakini alikuwa na simu na bando, video za kufunga gesi zimejaa. Alikuwa na jirani. Alikuwa na baba kwenye simu. Kilichomshinda si mtungi. Aliona bora njaa kuliko kuonekana hajui. Hiyo aibu kaipata wapi? Mimi darasani kwetu ukijibu vibaya ulichekwa, na mwalimu ndiye aliyeanza kucheka.

#45 Mwalimu Mstaafu
Post #44 nimeisoma mara tatu.

#46 Spana13
Hii aibu mtaipangia semina, ngoja mimi nimsaidie kijana, natengeneza majiko Mbagala. Mtungi wa kilo 15 wenye regulaita ya kubana. Kwanza funga swichi zote za jiko. Zima swichi ya regulaita. Shika regulaita, bana ile pete au kitufe chake, inyanyue, inatoka yenyewe bila kupigana. Mtungi mpya toa sili, chungulia mdomoni uone kampira kapo na hakajapasuka, kasipokuwepo rudisha mtungi usijaribu ujanja. Weka regulaita wima, bana, sukuma chini mpaka usikie TA. Washa swichi. Chukua povu la sabuni ya kuoshea vyombo upake kwenye maungio. Povu likivimba mapovu, gesi inavuja, zima, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa. Na ole wako uje na kiberiti kuangalia kama inavuja, nimezika mteja mmoja kwa mtindo huo.

Kilo 6 yenye kichoma juu yake ni kuzungusha kwa mkono tu, ila usikaze kwa spana, unaua kampira.

#47 Dada Nasra
Spana13 asante. Nimechukua picha ya skrini. Mimi mwenyewe lile la kampira sikulijua, nina miaka minane natumia gesi.

#48 Kidato Sita Fresh
Hii post moja ina stadi za kazi kuliko kitabu changu cha darasa la nne.

#49 Spana13
Nimeishia la saba, 1999. Sikufaulu.

#50 Chelewa
Mkuu kuna njia ya kujua gesi imebaki kiasi gani bila kunyanyua mtungi? Naulizia rafiki yangu.

#51 Spana13
Mwambie rafiki yako amwagie maji ya vuguvugu ubavuni, kisha apitishe kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipoishia.

#52 Mtu wa Kayole
Nimejaribu sasa hivi. Kweli kabisa. Mke wangu anauliza mbona naogesha mtungi.

#53 Ng'ombe wa Maskini
Bado nasimama na mtihani. Mmeleta wazazi, unyago, aibu, idadi ya watoto, viwanda. Vyote vipo. Lakini mkiondoa mtihani kama kipimo pekee, hivyo vingine vitapumua.

#54 Chaki Nyeupe
Na mimi bado nasimama na 112.

#55 Mzee wa Kibamba
Mrejesho. Jumamosi nilifungua regulaita makusudi, nikamwita kijana, nikamwachia simu yenye post ya #46. Kafunga. TA imesikika. Povu kapaka. Halafu kaniuliza, baba, wewe kampira ulikuwa unakaangalia? Sijawahi. Tumekaangalia wote wawili, kalikuwa kamepasuka.

Mtungi nimeurudisha. Ila swali langu la #1 naona bado lina majibu sita.

#56 Mpini Mrefu
Saba. La mahindi bado. Mwalimu Mstaafu upo? Umelikwepa tangu #11.

#57 Mwalimu Mstaafu
Nipo. Za shule nyingine sijui. Yetu, msimu wa 1988, tulivuna magunia kumi na mawili. Mawili yaliliwa na panya. Matatu, nakiri, walimu tuligawana, mshahara ulikuwa umechelewa miezi miwili. Saba tuliuza. Watoto hatukuwauliza, tukawanunulia mpira wa miguu na nyavu za magoli.

#58 Mpini Mrefu
Angalau mpira. Uliwasaidia?

#59 Mwalimu Mstaafu
Ulipasuka wiki ya pili, uliangukia miiba ya mkonge. Nyavu mwenyekiti wa kijiji alifugia kuku.